Mkunga na Mwandani wa Uzazi

Wazee wetu walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hii imezoeleka mno hata watu huitumia kwa fundi wa baiskeli na karani wa ofisi, wakasahau kuwa hapo kwanza ilikuwa na maana yake ya wazi: mwanamke ambaye bado atazaa hana budi kumheshimu mtu atakayeushika uhai wake mikononi. Nataka kuirudisha methali hiyo nyumbani kwake, maana siku hizi mama mjamzito wa mjini huulizwa swali ambalo nyanya yake hakuulizwa: atamtaka mkunga, au atamtaka dula?

Mkunga twamjua. Kwa maana ya leo ni muuguzi aliyesomea uzazi chuoni, akatahiniwa na kupewa leseni na Baraza la Wauguzi la Kenya. Dula ni neno geni. Asili yake ni Kiyunani cha kale, ambamo lilikuwa jina la mtumishi wa kike. Mwanamke wa Marekani aliyekuwa mtaalamu wa mila za binadamu, Dana Raphael, alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1973 kwa maana ya mtu amsaidiaye mama mzazi, na tangu hapo limeenea. Dula hapimi, hadungi sindano, wala hazalishi. Kazi yake ni kuwa mwandani wa mama tangu utungu unapoanza hata mtoto azaliwe: kumsugua mgongo, kumpa maji, kumtembeza, kumkumbusha kuvuta pumzi, na kumwambia kuwa maumivu haya yana mwisho. Kwa kazi hiyo hulipwa. Kwetu pwani ilifanywa na shangazi, mama mkubwa au nyanya, na ambaye angalitaja malipo angalidhaniwa amerukwa na akili.

Nilipochukua mimba yangu ya kwanza nilikuwa nikifundisha Nakuru, mbali na watu wangu, na mama yangu alikwisha fariki dunia. Mwalimu mwenzangu alinisifia dula mmoja wa mjini kwa maneno mazuri, nami nilipokwenda kuonana naye nilimwona mtu mwema na mkweli. Ilikuwako pia nyumba ndogo ya uzazi ya mkunga mmoja aliyestaafu katika kazi ya serikali. Mume wangu ni mwalimu kama mimi, na mishahara miwili ya walimu ina mpaka wake. Tungaliweza kumlipa dula, nami nikazalie hospitali ya serikali bila ada. Au kulipa nyumba ya mkunga, na dula tumwache. Yote mawili hatukuyaweza. Shauri hilo lilikaa mezani petu pamoja na madaftari ya kusahihisha muda wa wiki tatu.

Nisingependa msomaji adhani kuwa dula ni anasa ya matajiri tu. Mwaka 1980 ilichapishwa habari ya jaribio lililofanywa katika hospitali moja ya Guatemala. Wanawake wa kundi moja waliachwa wazae kwa desturi ya hospitali, peke yao. Wa kundi la pili kila mmoja alipewa mwanamke wa kukaa naye, ambaye hata hawakujuana kabla. Utungu wa kundi la kwanza ulichukua wastani wa saa 19. Wa kundi la pili haukufika saa 9. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000, wakaona kuwa mama asiyeachwa peke yake hupasuliwa kwa nadra zaidi, na utungu wake hupungua urefu, ingawa si kwa kiasi kile cha Guatemala. Shirika la Afya Duniani nalo liliagiza mwaka 2018 kuwa kila mama awe na mwandani amtakaye mwenyewe. Sababu si uchawi. Hofu huukaza mwili, na mwili uliokazana haufunguki upesi.

Kwa hiyo mizani ilielekea upande wa dula. Tena nilikuwa na jambo lililonitia wasiwasi juu ya wodi. Tangu serikali ilipoondoa ada ya kuzaa katika hospitali zake mwezi wa Juni 2013, akina mama wamezijaa, na jambo hilo ni la kheri: waliozalishwa na watu wenye ujuzi walikuwa asilimia 62 mwaka 2014, wakawa asilimia 89 mwaka 2022. Lakini mikono ya wauguzi haikuongezeka kwa kipimo hicho. Muuguzi mmoja mwenye wazazi sita usiku hana nafasi ya kumsugua mtu mgongo. Uchunguzi uliofanywa katika vituo 13 vya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 uliona kuwa mama mmoja katika kila watano alilalamika kuwa alidharauliwa au kutendwa vibaya. Katika hospitali niliyohudhuria kliniki niliambiwa kuwa mwandani hukoma mlangoni. Basi dula wangu angalinisaidia nyumbani na ndani ya teksi, kisha tungaliagana pale nilipomhitaji zaidi.

Lakini lililokata shauri ni damu. Mama anaweza kuzaa salama, mtoto akalia, watu wakapiga vigelegele, na nusu saa baadaye akawa hoi. Kuvuja damu baada ya kuzaa huua akina mama wengi kuliko jambo lingine lolote la uzazi, na hakuzuiliki kwa mkono laini wala kwa neno la faraja. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio la hospitali karibu 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Chini ya mama palitandikwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo ili damu ionekane ni kiasi gani, badala ya kukisiwa kwa macho. Na ilipozidi, dawa zote zilitolewa kwa pamoja bila kungojana. Kuvuja kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Hiyo ni kazi ya mkunga. Dula hata akiiona damu, hana la kufanya ila kupiga kelele.

Tukalipa nyumba ya mkunga, ambayo iliruhusu mwandani mmoja, na shangazi yangu akapanda gari moshi Mombasa.

Usiku ule niliziona kazi mbili hizi zikienda bega kwa bega, na mara moja zikigongana. Kila nusu saa mkunga alisikiliza moyo wa mtoto na kutia alama katika karatasi yake. Shangazi hakuwa na karatasi. Alikuwa na mafuta ya nazi na viganja vipana. Karibu na alfajiri alinionea huruma akasema, "Sukuma, mwanangu, umalize."

"Bado, mama," mkunga akamwambia kwa adabu. "Njia imefunguka sentimita 8 tu. Akisukuma sasa atajiumiza."

"Sista, mimi nimezaa saba."

"Ndiyo sababu nakuhitaji umshike. Mwambie apumue."

Shangazi akanyamaza, kisha akaanza kupumua pamoja nami, kwa sauti, kama mtu apandaye kilima. Mtoto alizaliwa saa moja na robo. Mkunga alinidunga sindano ya oksitosini, akalitoa kondo, kisha akautazama ule mfuko wa alama na uso wake ukabadilika. Sikumwona akikimbia. Alinikanda tumbo kwa nguvu iliyonifanya nimchukie, akanitia maji ya mshipani na dawa ya pili, na muda huo wote hakusema nami neno hata moja. Aliyesema nami alikuwa shangazi. Alinisimulia jinsi nilivyoogopa mbuzi nilipokuwa mdogo, nami nikamsikiliza yeye, sikuitazama damu.

Dula yule nilikutana naye sokoni baadaye, na hakuniwekea kinyongo. Aliniambia kuwa baadhi ya wakunga wa jadi, ambao zamani walizalisha majumbani, sasa huwapeleka akina mama hospitali na kukaa nao, na kwamba mahali wanapopokelewa wauguzi wenyewe hufurahi.

Limebaki neno la waume. Wangu alikesha nje kwenye benchi, maana nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Katika wodi nyingi za serikali hata mume atakaye kuingia hawezi, kwa kuwa vitanda vimepangwa bega kwa bega, na mama wa kitanda cha jirani naye ana haki ya kusitiriwa. Pazia baina ya kitanda na kitanda si kitu cha gharama kubwa. Hospitali ile ya kliniki yangu ilikuwa na vyuma vya kutundikia mapazia, nami niliviona. Mapazia yenyewe hayakuwapo.