Mama hana kosa

Wadau, nimerudi chuo jana kutoka Old Moshi. Mdogo wangu ana kifafa, kilianza na degedege la homa akiwa na miezi sita. Shangazi mpaka leo anasema ni laana ya ukoo wa mama.

Leo maktaba nimesoma kuhusu jeni SCN1A. Nakala yake moja ikiharibika, seli zinazotuliza ubongo hupungukiwa milango ya sodiamu. Mara nyingi hitilafu huanzia kwa mtoto mwenyewe, wazazi hawana. Na kabamazepini, inayoziba milango hiyohiyo, huweza kuzidisha kifafa cha aina hii. Kumbe! Dogo alizidiwa nayo, daktari akambadilishia.

Kipimo cha jeni hatujafanya, kwa hiyo siapi. Ila mama amebeba lawama miaka tisa. Ngoja nikanunue vocha nimpigie.