Kutoka Chokaa hadi Pampu

Tangi langu la kwanza la maji ya chumvi lilikuwa la lita 60, nikaliweka sebuleni kwangu Bremen, juu ya kabati la viatu, maana ndilo pekee lililoweza kubeba uzito ule. Siku hizo sikutia dawa wala madini. Nilikuwa na matumbawe laini tu, na hayo hayana makuu: kila Jumamosi nilichota lita sita, nikarudisha lita sita za maji yaliyochujwa na kutiwa chumvi ya tangi, basi. Kalsiamu na magnesiamu vilikuja humo humo ndani ya chumvi.

Mambo yaligeuka alipokuja mraibu mwenzangu, Mjerumani, na kipande cha Montipora kisichozidi ukucha. Tumbawe gumu linajenga mifupa. Linachota kalsiamu na kaboneti majini, na tangi dogo halina akiba kubwa. Kipande kile kilipokua na kutanuka kama sahani, maji ya Jumamosi hayakutosha tena.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye maji ya chokaa. Wajerumani waliyazoea tangu miaka ya 1970, Peter Wilkens alipoyapigia debe. Unakoroga hidroksidi ya kalsiamu, chini ya gramu mbili kwa lita, unaiacha ituame, kisha yale maji maangavu ya juu unayaacha yadondoke tone tone kufidia yaliyopotea kwa mvuke. Nilidondosha usiku, kwa kuwa taa zikizimwa pH ya tangi hushuka, na chokaa huipandisha. Shangazi yangu wa Tanga, aliponiona kwenye simu ya video nikikoroga unga mweupe, aliuliza tambuu iko wapi. Mimi nilikuwa nikiwaza nyumba za kale za pwani yetu, Lamu hadi Kilwa, zilizojengwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Huku ugenini nilikuwa nairudisha chokaa iwe tumbawe.

Lakini chokaa ina mpaka: huwezi kutia maji mengi kuliko yanayokauka. Acropora, matumbawe magumu niliyoyaongeza baadaye, zilipoanza kutoa matawi nikahamia chupa mbili, moja ya kloridi ya kalsiamu, nyingine ya bikaboneti ya soda, ile ile ya jikoni. Ole wako zikutane kabla ya kufika tangini. Huganda nyeupe papo hapo. Zikishatumika, kinachobaki majini ni chumvi ya mezani, nayo ikizidi huvuruga uwiano wa madini mengine. Ndiyo maana Hans-Werner Balling, katika miaka ya 1990, alishauri sehemu ya tatu: chumvi za bahari zilizoondolewa hiyo ya mezani. Kwa akili yangu, waliokuja baada yake wamebadilisha zaidi lebo za chupa.

Upimaji nao ukapungua. Zamani nilipima kila kitu na kujaza daftari. Hesabu ndiyo iliyonipumzisha: alkalini, yaani akiba ya kaboneti majini, inayopimwa kwa digrii za Kijerumani, ikishuka digrii 1 kwa ujenzi wa mifupa, kalsiamu hushuka miligramu 7 hivi kwa lita. Katika miligramu 420 za kalsiamu, hizo 7 vipimo vya nyumbani havizioni vizuri. Katika digrii 8, hiyo 1 haijifichi. Basi napima hasa alkalini: unadondosha dawa ya kipimo kwa bomba la sindano, unatikisa kichupa, buluu inakataa, inakataa, halafu tone moja linaigeuza waridi. Magnesiamu naipima mara moja moja. Ikikaa karibu na miligramu 1300 kwa lita huzuia kalsiamu na kaboneti visigande vyenyewe majini.

Kupandisha digrii hiyo 1 katika lita 60 kunataka bikaboneti gramu 1.8 hivi, haifiki nusu kijiko cha chai. Mkono ukizidisha, ncha za Acropora zinaweza kuungua. Kwa hiyo sasa kazi hiyo inafanywa na pampu ndogo, mililita kidogo kila saa, nami niko kazini. Wapo wanaotuma maji yao maabara kila mwezi. Kwa tangi kama langu naona ni anasa.

Wewe unayetaka kuanza, nunua kipimo cha alkalini kabla ya tumbawe gumu la kwanza. Pima saa ile ile kwa siku kadhaa bila kutia kitu. Kinachopungua kwa siku ndicho cha kurudisha. Pampu inaweza kusubiri mshahara ujao.