Kabureta Pacha kati ya Vilima vya Masisi na Msitu wa Walikale

Katika Masisi na Walikale, mkoani Kivu ya Kaskazini, historia ya injini za petroli haitenganishwi na mwinuko wa ardhi, kwa kuwa gari lililotoka Goma, mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, lilipaswa kupanda kutoka Sake hadi kwenye vilima vya malisho, ambavyo vingine huvuka mita 2,000, kisha literemke kuelekea Walikale, ambako mji wenyewe uko chini ya mita 1,000. Injini haiishi kwa petroli peke yake: kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, na hewa hiyo hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, hata katika mita 2,000 hubaki na kama asilimia 82 ya uzito ilio nao pwani. Ndiyo maana kurekebisha kabureta, yaani chombo kinachochanganya hewa na petroli kabla havijaingia kwenye silinda, kulikuwa hapa kazi isiyokwisha, na miaka ya 1970 inakumbukwa kama wakati ambapo fundi aliyeimudu aliheshimiwa barabara nzima.

Magari mengi ya wakati huo yalikuwa na kabureta moja. Yaliyokuwa na mbili yalikuwa machache, lakini ndiyo yaliyompima fundi. Kombi ya Volkswagen yenye injini ya sentimita za ujazo 1,700, iliyoanza na modeli ya mwaka 1972, ilikuwa na kabureta mbili za Solex, kila moja ikilisha silinda mbili za upande wake. Na Range Rover, iliyozinduliwa mwaka 1970, ilikuwa na Zenith-Stromberg mbili juu ya injini ya silinda nane. Sababu ya kuweka mbili inaeleweka upesi mtu akiitazama Kombi yenyewe, kwa maana silinda zake zimelala kushoto na kulia, na kabureta moja iliyowekwa katikati hulazimika kusukuma mchanganyiko kwenye mabomba marefu, ambamo petroli hupoa na kugeuka tena matone. Kabureta iliyo karibu na silinda huondoa tatizo hilo, ila huleta lingine: mbili zisipovuta hewa sawasawa, upande mmoja wa injini hufanya kazi na wa pili huburutwa.

Fundi aliyefunzwa vizuri hakuanza na kabureta. Alipima nafasi ya valvu, akasafisha platini zinazokata umeme wa cheche, akatazama buji zinazotoa cheche, kisha akaiacha injini ipate moto, kwa sababu injini baridi hudanganya. Ndipo alipofungua fimbo inayounganisha kabureta mbili ili kila moja isimame peke yake, akatoa chujio la hewa, akachukua kipande cha mpira wa bomba, akaweka ncha moja sikioni na ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta ya kushoto, akasikiliza mlio wa hewa inayofyonzwa, kisha akauhamishia mpira huo kulia. Mlio ukiwa mkali upande mmoja na mzito upande wa pili, skrubu inayokizuia kilango cha hewa kisifunge kabisa ilizungushwa kidogo kidogo, robo ya mzunguko au pungufu, mpaka milio miwili ikafanana. Baada ya hapo ilifuata skrubu ya mchanganyiko, iliyokazwa mpaka injini ikaanza kukohoa, kisha ikalegezwa mpaka ikatulia. Katika Zenith-Stromberg njia ilikuwa nyingine, maana ndani yake kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa kufuata mvuto wa hewa ikiwa imebeba sindano iliyochongoka; fundi aliinyanyua pistoni hiyo kwa takriban milimita moja, na injini ikiongeza kasi na kubaki hivyo, petroli ilikuwa imezidi, ikizimika, petroli ilikuwa haba. Hatua iliyowashinda wengi ilikuwa ya mwisho, yaani kuirudisha fimbo bila kukivuta kilango cha upande mmoja, kwani kosa dogo hapo liliharibu kazi yote iliyotangulia.

Ufundi huo ulijulikana kotekote Afrika Mashariki, na ikumbukwe kwamba ndugu wawili kutoka Kenya, Joginder na Jaswant Singh, walishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1965 wakiendesha Volvo PV544, gari la kabureta pacha. Lakini barabara ya Masisi ilidai uamuzi wa peke yake. Gari lililorekebishwa Goma lilipofika vilimani lilitoa moshi mweusi na kupoteza nguvu, kwa kuwa hewa ilipungua wakati petroli ikizidi kipimo. Hatari kubwa zaidi ilikuwa upande wa pili: aliyepunguza petroli ili apande vizuri, akasahau kuirudisha, aliteremka Walikale na mchanganyiko hafifu, yaani wenye hewa nyingi mno, unaowaka kwa joto kali na kuunguza valvu, na kwa Kombi, ambayo hupozwa kwa upepo wala si kwa maji, hilo lilitosha kuiua injini kabla mzigo haujafika. Waliochagua njia ya kati, wakaacha petroli izidi kidogo safari nzima, walifanya busara: buji zilirudi na masizi, lakini injini ilirudi nzima.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilitangaza kuwapa Wazaire biashara na mashamba ya wageni, na katika miaka iliyofuata uagizaji wa vipuri ulidhoofika nchini. Kabureta pacha ziliumia zaidi, kwa kuwa kila kitu chake hununuliwa viwili na kipuri kipya hakikai vizuri na kikuukuu. Viwandani nako kabureta ilikuwa ikiachwa, na Land Cruiser za dizeli, hasa zile za injini ya 1HZ iliyotoka mwaka 1990, hazikuwa nayo kabisa, maana dizeli husukumwa kwa pampu hadi ndani ya injini. Kisha vita vilivyoanzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, na vile vya 1996, viliwatawanya wenye magari na mafundi pamoja.

Kilichoirudisha kabureta ni pikipiki. Kasiterite, yaani madini ya bati, ya Bisie huko Walikale ilipoanza kuchimbwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata ndege zikawa zinatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, na motari, yaani waendesha pikipiki wa kubeba abiria na mizigo, wakaongezeka kwenye njia zisizopitika kwa gari. Pikipiki zao za TVS na Boxer zina kabureta moja, yenye sindano ambayo katika aina nyingi huwekwa juu au chini kwa kuhamisha kibanio, na fundi wa leo anayeishusha sindano kwa ajili ya vilima na kuipandisha kwa ajili ya msitu anafanya hesabu ileile ya Kombi, ingawa pengine hakuwahi kuiona Kombi. Nchini India, zinakotengenezwa, pikipiki mpya zililazimika kufuata viwango vipya vya moshi kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, na nyingi zikaachana na kabureta, lakini nyingi zinazoletwa Afrika bado zinayo.

Shule za ufundi za Goma, Masisi na Walikale zinaombwa basi ziandike kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya gereji zao, vipimo vya kabureta kwa kila mwinuko wa njia hii, na ziwaite mafundi wazee waliobaki wakavithibitishe kwa masikio yao.