Masizi Kwenye Vigae Vyeupe

Picha iliingia kwenye WhatsApp nikiwa ndani ya basi, hapa Dublin. Nyumba yetu ya Lushoto, iliyotula miaka tisa ya kutuma pesa kidogo kidogo, ilikuwa imekwisha: bati jekundu, madirisha ya alumini, jiko la vigae vyeupe. Ila juu ya vile vigae palikuwa na doa jeusi la masizi, kubwa kama sinia. Nilichukia. Nikasema moyoni, huyu kijana mlinzi ameshaanza kupikia ndani, na sisi wenyewe hatujalala hata siku moja. Nitamwuliza Mama akija.

Mama alikuja mwezi wa sita, na kwa furaha ya kumwona, masizi nikayasahau. Jumamosi ya pili tukampakia garini kwenda kisiwa cha Achill, upande wa magharibi kabisa, kilomita kama 300. Mimi usukani, Mama kando yangu na chupa ya chai mapajani, baba watoto kabanwa nyuma katikati ya wanawe wawili na ndoo ya maandazi.

Mama alianza safari kwa kuridhika kwamba huku nako magari hupita kushoto. Tulivuka mto Shannon, tukaupita mji wa Westport, barabara ikaanza kusinyaa mpaka majani yakaota katikati yake. Kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo zikatubana kushoto na kulia. Kondoo walikuwa na mabaka ya rangi mgongoni, buluu na nyekundu, na Mama hakuhitaji kuelezwa: kila mwenye mali ana alama yake. Kilichomshangaza ni madereva. Kila gari lililotujia, dereva aliinua kidole kimoja juu ya usukani.

"Huyo nani?"

"Simjui, Mama."

"Na yule?"

"Yule pia simjui."

Gari la nne lilipokuja, Mama mwenyewe alipunga mkono mzima, akawa ndiye msalimu wetu mpaka mwisho wa safari.

Mbele kidogo, lami iliandikwa kwa herufi kubwa nyeupe: GO MALL. Mdogo akaruka, akauliza hiyo mall iko wapi, tutanunua nini. Dada yake akamcheka. Ni Kiayalandi, akasema, maana yake polepole. Amekisoma shuleni tangu darasa la awali, na vijiji vingine vya huku bado ndicho wanachozungumza. Mama akamsifu mjukuu wake, kisha akasema kwa upole, akitazama dirishani: "Kwa hiyo lugha ya milima ya hawa anaijua. Ya milima yetu ndiyo hajui." Sikujibu. Niliendesha kimya mpaka tukavuka daraja la kuingia kisiwani.

Chini ya mlima Slievemore kuna kijiji kisicho na mtu. Mabaki ya nyumba za mawe, themanini au mia hivi, yamepangana kandokando ya njia ya zamani. Mapaa hayapo, milango haipo, kondoo wanaingia na kutoka. Watoto walikimbilia nyumba. Mama alisimama, akatazama ardhi.

"Hapa palilimwa," akasema. "Ona matuta."

Nimefika pale mara mbili kabla, sikuwahi kuyaona. Chini ya majani mafupi, ardhi ilikuwa na mistari iliyonyooka, kama kitambaa cha kodrai. Ni matuta ya viazi. Nikamweleza ninachokijua. Maskini wa huku waliishi kwa viazi mviringo, na karibu wote walipanda mbegu ya aina moja. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa: jani linapata baka, siku chache shamba zima jeusi, kiazi kinaozea ardhini na kunuka.

"Bakajani," Mama akanikatiza. Amelima viazi Lushoto maisha yake yote. "Sasa si wangepiga dawa?"

Dawa haikuwepo, Mama. Ule mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulikuja kugunduliwa Ufaransa miaka ya 1880. Mpaka 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine kama milioni moja wameondoka, huku meli za nafaka na ng'ombe zikiendelea kutoka bandarini kwenda Uingereza. Kaunti hii ya Mayo ilikuwa na watu karibu 389,000 mwaka 1841. Sensa ya 2022 haikufikisha 140,000.

Kijiji chenyewe hakikufa siku moja. Baada ya njaa, wachungaji waliendelea kuzitumia baadhi ya nyumba majira ya joto, hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Waliokwenda Marekani walituma pesa: za kodi ya shamba, za nauli ya mdogo wao, kisha huyo mdogo akatuma za anayemfuata. Usiku wa mwisho kabla ya mtu kuondoka, jamaa walikesha kwa ngoma na kilio, kama wanavyokesha na maiti, maana hawakutegemea kumwona tena. Nilipofika hapo nikakumbuka usiku wangu wa mwisho Lushoto, pilau na dua, na shangazi aliyekataa kunishika mkono asije akalia.

Mama aliingia nyumba moja, akainama kwenye mabaki ya jiko la mawe, akapitisha kidole na kukitazama. Hapakuwa na weusi wowote. Mvua ilishaosha.

"Nyumba inakufa hivi," akasema. "Ndiyo maana kila Alhamisi nakwenda kwako kuwasha moto."

"Kwangu wapi?"

"Kwako. Jikoni. Nakoka moto kwenye mafiga matatu, nachemsha hata maji tu. Nyumba isiyo na moshi inaingia popo na mchwa. Na jirani akiona moshi anajua ina mwenyewe."

Mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza, tukateremka kuwahi gari. Niliwaza miaka tisa ya kutuma pesa: nimetuma za msingi, za bati, za vigae, nikahesabu kwamba ndivyo mtu anavyobaki na kwao. Waliotoka Achill nao walituma. Kilichokosekana kwangu kinafanywa na mwanamke wa miaka sabini na moja, anayepanda mlima kila Alhamisi na mzigo wa kuni kichwani.

Kwenye barabara nyembamba mzee mmoja kwenye trekta aliinua kidole. Mama akapunga mkono. Nyuma, binti yangu alimwuliza bibi yake: moto kwa Kisambaa unaitwaje?

Habari ya masizi sikuitaja.