Wembe wa Marehemu Baba

Wahenga walisema kwamba kinyozi hajinyoi. Methali hii ilikuwa kweli tupu katika zama zile ambapo wembe ulikuwa kisu cha kukunja, na mtu aliyetaka kujinyoa mwenyewe alikuwa katika hatari ya kujichinja. Leo nataka kuwaeleza ndugu zangu Waislamu, khasa vijana, habari ya wembe mmoja uliomwezesha mtu kujinyoa pasipo kinyozi, na habari ya kosa nililolitenda kwa wembe huo. Kwani aliyejikwaa hana budi kuwaonyesha wenziwe kisiki kilipo.

Alipofariki baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulikutana nyumbani Handeni kugawa mirathi. Tulipokwisha kuhesabu shamba, mbuzi na vyombo, chini ya sanduku lake la nguo kikaonekana kisanduku kidogo cha chuma cheupe chenye kung'aa. Mpwa wangu mmoja akadhani ni kisanduku cha ugoro. Mwingine akasema ni fedha safi, akataka kukipeleka Korogwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mimi nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nakijua, na moyo wangu ulikuwa na haya nacho.

Baba yangu alifanya kazi katika shamba moja la mkonge karibu na Korogwe. Mkonge uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Hata ilipofika miaka ya 1950, Tanganyika ilikuwa ikiongoza dunia nzima kwa zao hilo. Baadaye, mashamba mengi yalipokaribia kutaifishwa mwaka 1967, msimamizi mmoja alirejea kwao Uingereza, akamwachia baba wembe wake kuwa kumbukumbu.

Wembe huo unaitwa Rolls Razor, nao ulitengenezwa London. Namna ya kuutambua ni hii. Kisanduku chake kina vifuniko viwili, cha juu na cha chini. Ukikiondoa kimoja utaona kwa ndani jiwe la kunolea, yaani kinoo. Ukikiondoa cha pili utaona kipande cha ngozi. Katikati umelala wembe mnene wenye mgongo upande mmoja na makali upande mmoja tu, pamoja na mpini wake. Mpini ukisukumwa mbele na kuvutwa nyuma, wembe hupita juu ya ngozi, na kila ufikapo mwisho hujigeuza kwa kishindo kidogo: tak, tak. Sisi watoto tuliizoea sauti hiyo kama tulivyozoea sauti ya jogoo. Kampuni iliyoutengeneza ilifilisika mwaka 1964, basi kila wembe wa namna hii unaoonekana leo umekwisha kupita umri wa miaka 60.

Msiuchanganye na nyembe nyingine za makali mamoja. Upo wa Marekani uitwao Gem, ambao kichwa chake hufunguka kama kifuniko, ukatiwa ndani kipande cha wembe chenye mgongo uliokunjwa. Kipande hicho kikiisha makali hutupwa. Upo pia uitwao Valet AutoStrop, ambao ukanda wa ngozi hupitishwa ndani ya kichwa chake pasipo kuutoa wembe. Ama ule mwembamba wenye makali pande mbili tunaoununua madukani, asili yake ni King C. Gillette wa Marekani, aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1904. Huo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na wa Gem ni mnene zaidi ya mara mbili ya huo. Lakini huu wa baba hautupwi. Hunolewa, na ukitunzwa vema humtumikia mtu maisha yake yote.

Baba alikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa wembe huo. Jirani akiomba jembe hupewa, akiomba baiskeli hupewa, akiomba wembe huambiwa, "Wembe na mswaki haviazimwi." Hata sisi wanawe hatukuugusa. Nami nakiri mbele ya wasomaji kwamba moyoni nilimdhania ubakhili.

Zikaja zile mvua kubwa za El Nino, zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1997 zikaingia mwaka 1998. Barabara zikawa matope, magari yakakwama, na duka letu la kijijini likaishiwa na sukari, mafuta ya taa na nyembe. Ramadhani ikawa inakwisha, na Idi ilikuwa mwishoni mwa Januari. Baba alikuwa amekwenda Korogwe, mvua zikamzuia kurudi. Wakati huo nilikuwa kijana, nimekwisha kuanza kusomesha chuoni, na ilikuwa desturi yangu kuwanyoa wanafunzi vichwa ili waiendee Idi wakiwa safi. Nikaufungua mlango wa chumba cha baba, nikautwaa wembe wake pasipo idhini yake.

Nilinyoa watoto 11 asubuhi moja. Wa kwanza alikuwa na doa la mviringo kisogoni, jeupe, lenye magamba, ukubwa wake kiasi cha ncha ya kidole gumba. Nililiona, nikasema moyoni kwamba ni ukavu wa ngozi tu. Kila nilipomaliza kichwa kimoja niliusuuza wembe katika beseni lile lile, nikaupangusa kwa kitambaa kile kile, kisha nikamwita anayefuata. Watoto wakapendeza, wazazi wakanishukuru, nami nikaona nimefanya jambo jema.

Haukupita mwezi, watoto saba wakawa na mapunye. Mama wa mmoja wao alinijia barazani, akasimama pasipo kuketi, akaniambia, "Maalim, mwanangu nilikuletea umfunze Kurani. Haya mapunye ameyasoma katika juzuu ipi?" Sikuwa na jibu. Niliwachukua watoto hadi zahanati, nikaelezwa kwamba mapunye ya kichwani hayaponi kwa mafuta ya kupaka peke yake, kwa sababu ugonjwa umeingia hata katika mashina ya nywele. Sharti mtoto ameze dawa kwa wiki kadhaa. Niliuza mbuzi wangu wawili nikanunua dawa. Watoto wakapona, alhamdulillahi. Lakini mmoja baba yake alimtoa chuoni kwa hasira, na hakurudi tena. Leo ni mtu mzima mwenye familia. Tukikutana sokoni hunipa shikamoo kwa adabu, nami ndiye ninayeinamisha macho, kwani najua aliishia wapi katika msahafu, na najua sababu yake.

Baba aliporudi alikifungua kisanduku, akaona nywele laini za watoto zimenasa katika ngozi. Hakunikemea. Akasema, "Mwanangu, mimi si bakhili. Kambini kwetu siku ya mshahara kinyozi alikaa chini ya mwembe, manamba wakapanga mstari, na wembe ulikuwa mmoja. Kila aliyeinuka pale aliondoka na alichokuja nacho mwenziwe." Hakuongeza neno. Akautoa ukanda ule wa ngozi, akautupa, akakata mwingine.

Enyi vijana, kunyoa kwetu ni ibada. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha mambo ya fitra: kutahiri, kunyoa kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha na kuondoa nywele za kwapani, na imepokewa kwa Anas kwamba mambo hayo yasiachwe kupita siku 40. Ndevu tumeamrishwa kuziacha. Mtoto mchanga hunyolewa siku ya saba. Basi wembe hauwezi kukosekana katika nyumba ya Mwislamu. Lakini Mtume huyo huyo amekataza kujidhuru na kuwadhuru wengine. Itakuwaje basi twende kutafuta usafi kwa chombo kinachomtia mwenzetu maradhi?

Na siku hizi jambo hili limezidi mapunye. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa katika nchi yetu mwaka 1983, huko Kagera, na virusi vyake hupita katika damu. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B navyo huweza kubaki na nguvu juu ya kitu kikavu, nje ya mwili wa binadamu, muda usiopungua siku saba. Tone la damu lisiloonekana kwa macho latosha. Kitambaa hakiliondoi, wala maji ya beseni. Kwa hiyo jandoni, kwa kinyozi na chuoni sharia iwe moja: kila mtu na wembe wake mpya. Wembe wa kunolewa ni wa mtu mmoja tu, wala si wa baba na mwanawe, wala si wa mume na mke.

Ama aliyejaliwa kuwa na wembe wa namna hii, na autumie hivi. Kwanza atazame kutu na mapengo katika makali. Ukiwa na pengo, aukague fundi mwenye ujuzi, au auweke uwe ukumbusho. Kabla ya kunyoa aupitishe juu ya ngozi mara 20 au 30. Kinoo kitumike mara chache tu, pale ngozi inaposhindwa kuurudishia ukali. Kisha aulainishe mwili kwa maji ya moto na povu la sabuni, aivute ngozi kwa mkono wa pili, aupitishe wembe kwa wepesi kuelekea zinakolala nywele, pasipo kukandamiza, maana uzito wa wembe wenyewe watosha. Akimaliza ausuuze, aukaushe barabara, aupake tone la mafuta. Wembe uliofungiwa na maji huliwa na kutu kabla ya wiki kwisha. Na uwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Kuhusu kile kisanduku, niliwaambia warithi wenzangu kwamba hata sindano ya marehemu ni mali ya wote. Tukakikadiria thamani, wakaridhia, kikahesabiwa katika fungu langu. Wembe wenyewe sikuunyolea tangu siku hiyo, kwa kuwa ulikuwa wa baba, nami nimekwisha kujua maana ya neno lake. Nimeuweka katika kabati ya chuoni, na kila Shaabani ikikaribia kwisha huwafungulia wanafunzi, nikausukuma mara mbili tatu wasikie ile tak, tak, kisha nikawasimulia kisa hiki pasipo kujificha. Halafu kila mzazi huleta wembe mpya wa mwanawe ukiwa ndani ya karatasi yake, na asiye na uwezo hununuliwa na chuo.

Watu husema mtoto akililia wembe mpe. Mimi siwezi tena kuitumia methali hiyo, kwa sababu watoto wale hawakulilia wembe. Mimi ndiye niliyewapelekea. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na asituache tukayarudia baada ya kujua. Amin.