Kahawa Tunaionja, Mtu Tunamtazama Viatu

Desemba iliyopita nilipanda Marangu, kama Wachagga wengi tunavyopanda mwisho wa mwaka, nikamkuta dada yangu anatafuta mpokea wageni wa nyumba yake ya kulala wageni. Akaniomba nikae naye kwenye usaili. Kijana wa tatu aliingia na tope jekundu hadi kwenye vifundo vya miguu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, naye ametembea kutoka Mamba. Alituamkia shikamoo, akakaa ukingoni mwa kiti, akajibu kila swali kwa sauti ya chini, macho mezani. Alipotoka, dada akafunga daftari: "Huyu hajiamini."

Maneno hayo nayajua. Mwaka wangu wa kwanza Uingereza niliyasoma kwenye barua ya kunyimwa kazi. Nilikuwa nimefanya kama nilivyolelewa: mkubwa akikuuliza, humkodolei macho. Wao waliona mtu mwenye la kuficha. Iliniuma muda mrefu.

Leo nimo kwenye jopo la usaili kazini kwangu Leeds. Kila msailiwa anaulizwa maswali yale yale, na kila mmoja wetu anaandika alama zake kabla hatujasemezana. Hilo la pili ndilo lenye nguvu, maana bosi akishasema "nimempenda", nasi tunaanza kumpenda. Halituponyi kabisa. Bado nasikia mtu akiuliza kama fulani "ataendana na sisi", na najua swali hilo huwaangukia akina nani.

Nyumbani mtego ni mwingine. Jina la ukoo likitajwa tu, msaili ameshajua huyu ni wa Machame, Kibosho au Rombo, na masimulizi ya zamani yanaingia chumbani kabla ya cheti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa kabila au mahali alikotoka, lakini nani ataandika daftarini kwamba alimkataa mtu kwa ajili ya ukoo?

Na hapo ndipo ninaposhangaa, kwa sababu Moshi ni mji wa mnada wa kahawa. Kahawa hupangwa madaraja kwa ukubwa wa punje, AA zikiwa kubwa, lakini mnunuzi makini haishii hapo. Sampuli hukaangwa, husagwa, humiminiwa maji ya moto vikombeni. Mwonjaji anafyonza kijiko kwa kishindo, anatema, anaandika. Mbele yake kuna namba, si jina la mkulima. Na ile punje ndogo ya mviringo, PB, huweza kuishinda AA kikombeni.

Basi siku ile nikamsihi dada amwite tena yule kijana, na safari hii dada mwenyewe awe mgeni aliyefika saa nne usiku, hoi, jina lake halimo kwenye orodha. Kijana akainuka. Akampokea begi, akamvutia kiti, akamuuliza kama amekula, ndipo akafungua kitabu cha wageni kumtafutia chumba. Macho yalikuwa juu muda wote.

Wale wawili wa kwanza nao waliitwa, wakampokea mgeni yule yule, nasi tukaandika alama kila mtu kwenye karatasi yake. Wewe unayeajiri msimu huu, tafadhali, mpe mtu kazi aifanye mbele yako kabla hujafunga daftari.