Mjamzito yuko bondeni, hospitali iko juu (Sehemu ya 5)

Juzi niliahidi tutaongelea safari ya kwenda kujifungua. Nimeona nianze na kwetu, maana kwetu safari hiyo ina mlima.

Mimi ni wa Mnyambe, Newala. Ukifika Newala mjini wenyeji watakupeleka Shimo la Mungu, pale Uwanda wa Makonde unapokatika ghafla. Chini kabisa ni bonde la Mto Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Wageni wanapiga picha. Mimi namuwaza mama aliyeshikwa na uchungu kule chini.

Huku juu vijiji vimebanana. Kule bondeni unakuta nyumba moja hapa, nyingine mbali huko. Wazee wana hadithi yake. Zamani aliishi mtu peke yake porini. Akachonga kinyago cha mwanamke, kulipokucha kikawa mtu, akawa mkewe. Wakakaa karibu na Ruvuma, mtoto wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahama, wa pili naye mfu. Walipopanda juu, Mahuta, wa tatu akaishi. Basi wajukuu wakaambiwa wasijenge mabondeni. (Wengine watakwambia watu walipanda juu kuwakwepa wavamizi wa Kingoni. Yote yanawezekana.)

Mimi nesi nikiisikia hadithi hiyo nasikia mbu. Malaria kwa mjamzito inakula damu ya mama, na mtoto anaweza kuzaliwa njiti, mdogo sana, au mfu. Ndiyo maana kliniki tunakupa chandarua na vidonge vya SP. Vimeze palepale, usiende kuviweka kabatini.

Sasa kukaa juu nako kuna gharama yake, na aliyeilipa ni mwanamke. Mchanga wetu unameza mvua yote, mto hakuna. Bibi yangu alikuwa anateremka na kupanda mteremko na ndoo kichwani, mimba ikiwepo au isiwepo. Siku hizi kuna maji ya bomba yanayosukumwa na pampu kutoka bonde la Kitangari, na nyumba nyingi zina kisima cha kuvuna maji ya bati. Kifunikeni jamani, watoto wanatumbukia.

Lakini bondeni watu bado wanateremka, kwa ajili ya mpunga na samaki. Na msimu wa korosho, Septemba hadi Desemba, familia nzima inahamia shambani. Unakuta mama wa miezi minane yuko kibandani, kliniki hajaonekana, simu haina mtandao.

Kuna mmoja tulimpokea alfajiri. Mtoto alishazaliwa kibandani, kondo la nyuma likagoma kutoka. Amepandishwa kwa bodaboda katikati ya watu wawili, kitenge chote damu. Shemeji zake wawili walitoa damu siku hiyo. Alipona, na mtoto anatembea sasa. Ila mimi naijua ile njia. Mvua ingekuwa imenyesha usiku ule, pikipiki isingepanda.

Kwa hiyo ukifikisha wiki 36, panda. Kaa kwa dada, kwa shangazi, au uliza kama hospitali yako ina nyumba ya kusubiria. Korosho watavuna wengine. Baba nanyi mnaosoma kimyakimya, hela ya usafiri itengwe kwenye malipo ya kwanza ya korosho, kabla ya bati na redio. Na ukiona damu, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, uso umevimba au mtoto hachezi, usisubiri wiki yoyote. Ondoka.

Nimeulizwa sana hili: Newala ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, je, kadi ya kliniki ya upande huu itapokelewa ule? Itapokelewa. Mipaka hiyo ni ya ofisi. Nenda kituo kilicho karibu na ulipo, kadi mkononi.

Sehemu ya 6 tutapanga mkoba wa kujifungua. Mliojifungulia mbali na kwenu, mlihama mkiwa na wiki ngapi, na mlifikia kwa nani? Andikeni hapo chini, wenzenu wasome.